Posta Tatu za Kigeni Mjini Unguja, kwa Macho ya Karani

Mwishoni mwa mwaka 1890, mtu aliyekuwa na barua ya kupeleka Ulaya kutoka mjini Unguja alikuwa na posta tatu za kuchagua, na hata moja haikuwa ya Sultani. Ilikuwepo posta ya Serikali ya India, iliyouza stempu za anna, sarafu ndogo ya India, zenye kichwa cha Malkia Victoria. Ilikuwepo posta ya Wafaransa, iliyofunguliwa Januari 1889. Na tangu tarehe 27 Agosti 1890 ilikuwepo posta ya Wajerumani, ambayo stempu zake zilikuwa zilezile za pfennig, senti za Kijerumani, zilizotumika kwao, bila kuongezwa hata jina la Zanzibar. Haya yote katika mji ambao mtu huuzunguka kwa miguu baina ya alasiri na magharibi.

Mimi nimefanya kazi ya posta mjini humu humu, kwenye kaunta na kwenye chumba cha kuchambulia barua, mpaka nilipostaafu. Stempu na bahasha kongwe nilianza kuzikusanya nikiwa bado kazini. Wanaoandika habari za posta hizi za kigeni mara nyingi huandika habari za bendera: nani alifungua, nani alifunga, mkataba upi. Ni kweli kwamba mikataba ndiyo iliyoleta mambo haya. Marekani ilipata wake na Sultani 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844, na makonsuli wakapewa haki ya kuhukumu mashauri ya watu wao ndani ya nchi ya mwenyewe. Posta zilifuata njia hiyo hiyo. Lakini baina ya siku ya kufungua na siku ya kufunga kuna kazi ya kila siku, na kazi hiyo sijaona ikielezwa vya kutosha. Bahasha ya 1880 ikinifikia mkononi, mimi huuliza nani aliigonga muhuri, alikuwa peke yake au na mwenzake, na je, meli ilikuwa bandarini ikimngoja.

Posta ya India ilianza kwa kushindwa. Ilifunguliwa Novemba 1868 kwa juhudi za John Kirk, daktari Mskochi aliyekuja Unguja miaka miwili nyuma na ambaye baadaye alikuwa konsuli mkuu wa Uingereza. Haikutimiza nusu mwaka. Tarehe 1 Aprili 1869 ilikuwa imeshafungwa kwa amri iliyotoka India. Ikafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba 1875, na safari hii ikadumu miaka ishirini. Mji ni ule ule, Kirk ni yule yule, wafanyabiashara wa Kihindi waliohitaji kuandikia Kutch na Bombay ni wale wale. Kilichobadilika katikati ni meli.

Kabla ya hapo barua ilikwenda na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka India na Uarabuni, kusi ikayarudisha, na aliyekosa chombo cha mwisho cha msimu aliishika barua yake mpaka msimu mwingine. Wazungu walitegemea meli za biashara, zikiwemo za Wamarekani wa Salem, na manahodha walibeba barua kama amana. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ikaanza kuleta meli ya barua kila mwezi kutoka Aden. Kuanzia hapo karani wa Unguja aliweza kumwambia mteja siku. Yeyote aliyekaa kaunta anajua uzito wa jambo hilo. Mteja hakuulizi posta ni ya taifa gani. Anakuuliza, "Itafika lini?" Ukishindwa kumjibu, kesho atampa barua yake abiria.

Jambo la pili lililoiangusha posta ile ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kumpachika konsuli kazi ya posta juu ya kazi zake. Waingereza waliufanya mtindo huo China kwa miaka mingi. Mkataba wa Nanking wa 1842 ulifungua bandari tano, Canton, Amoy, Foochow, Ningpo na Shanghai, na kuanzia 1844 posta zao huko zikawekwa ndani ya nyumba za makonsuli, zikisimamiwa kutoka Hong Kong. Konsuli au karani wake ndiye aliyepokea barua, akauza stempu, akafunga mfuko. Kwa serikali ni rahisi: nyumba ipo, mtu yupo, mshahara tayari unalipwa. Kwa barua ni hatari.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeyaona mambo ya namna hiyo. Nilikuwa nikitumwa kukagua wakala wa posta vijijini, Unguja na Pemba. Wakala alikuwa mwenye duka, au mwalimu, mtu mwaminifu aliyeheshimika, analipwa kidogo juu ya riziki yake nyingine. Barua alizihifadhi vizuri kadiri alivyoweza, lakini utazikuta rundo chini ya mizani ya sukari, na muhuri umekauka wino. Msimu wa karafuu ukifika Pemba, kijiji kizima kiko shamba, na wakala naye yuko juu ya mkarafuu. Mlango umefungwa, barua ya rejista imo ndani, mwenyewe ametembea kutoka mbali anakaa barazani anangoja. Sikuwahi kumlaumu wakala hata mmoja. Mtu huishughulikia kwanza kazi inayomlisha. Kirk alikuwa tabibu, hakimu wa raia wa Kiingereza, na baadaye ndiye aliyembana Sultani Sayyid Barghash mpaka ukatiwa saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa. Mtu mwenye mzigo huo hana nafasi ya kuhesabu barua na kuandika orodha ya mfuko. Posta ya 1875 ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa tawi la posta ya India hasa, lenye daftari zake na makarani wake.

Makarani hao ndio ninaotaka kuwazungumzia. Majina ya makonsuli tunayo, mitaa ilibeba majina yao na picha zao zimo vitabuni. Kazi ya kalamu katika ofisi za Kiingereza mjini hapa, kwa miaka mingi, ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wagoa. Walioshika nyundo ya muhuri, waliobeba mifuko kutoka mashuani, waliopeleka barua vichochoroni, hao hawakuandikwa. Nami nikiitazama bahasha naona kazi yao waziwazi kuliko ya konsuli.

Ichukue siku ya meli. Sisi tulikuwa na boti na ndege, mifuko inakuja kila siku, na bado siku ya mzigo mkubwa ilikuwa siku ya kutofika nyumbani mapema. Mfuko ukifika kwanza unaukagua lakiri na kamba kabla hujaukata. Lakiri ikiwa imepasuka, unamwita mwenzako ashuhudie, maana ukiukata peke yako kisha kikakosekana kitu, huna la kujitetea. Halafu inatolewa orodha, na barua za rejista zinahesabiwa moja moja dhidi yake. Zinazobaki zinamwagwa mezani, zinageuzwa uso juu, zinagongwa muhuri wa kupokelewa kwa nyuma, ndipo zinachambuliwa. Wakati huohuo nje watu wamejaa. Sasa fikiria mwaka 1880: mifuko ya mwezi mzima imeshuka pamoja, na meli ile ile inaondoka na barua za kurudi. Mfanyabiashara hawezi kujibu mpaka asome, na hawezi kusoma mpaka karani achambue. Kila saa ya karani ni saa iliyokatwa kwenye majibu ya mji mzima. Ndani ya bahasha nyingi za wakati ule mlikuwa na hundi, bei za pembe na karafuu, habari za jahazi lililotiwa rehani. Mtu aliyepata barua yake mapema alifanya biashara, aliyechelewa akasikia bei kwa wenziwe. Ndiyo maana uaminifu wa karani wa posta katika bandari ya namna hii ulikuwa jambo zito sana. Karani angeweza kumpa mmoja barua saa mbili kabla ya mwingine na asionekane na mtu.

Mzee aliyenifundisha kuchambua barua alikuwa akinisimamia begani. "Mwanangu, anza kusoma chini," aliniambia. "Nchi, mji, mtaa. Jina liache mwisho." Nikamwuliza, na kama mtaa haukuandikwa? Akasema, "Hapo ndipo unapolipwa mshahara." Alijua nani ni mkwe wa nani, nani kahama Malindi kaenda Ng'ambo, nani hupokea barua za nduguze walioko Muscat. Mji wetu haukuwa na nambari za nyumba za kutegemewa, na barua ziliandikwa kwa mkono wa fulani, dukani kwa fulani, jirani na msikiti fulani.

Katika bahasha za wakati wa posta ya India nimeona mambo hayo hayo. Upande mmoja pameandikwa Zanzibar kwa Kiingereza, kwa herufi chache tu, kiasi cha kuiongoza barua hadi bandarini. Vyote vingine, jina, duka, mtaa, vimeandikwa Kigujarati. Posta ingeweza kumleta Mwingereza hodari kabisa kutoka London, na asingeweza kuifikisha barua hiyo mahali ilipotakiwa. Ilihitaji mtu anayesoma Kigujarati, na mwingine anayesoma herufi za Kiarabu, ambazo Waswahili walikuwa wakiandikia lugha yao. Kwangu hilo ndilo jambo kuu la kujifunza kuhusu kuajiri watu wa posta katika bandari ya kigeni. Mkubwa unaweza kumleta na meli. Mchambuzi sharti awe mtu aliyeishi mjini.

Posta za Wafaransa na Wajerumani zilihudumia watu wachache zaidi, na kila moja ilifuata meli zake. Wafaransa walikuwa na meli za Messageries Maritimes zilizopita hapa kuelekea Madagascar na Réunion, na mapadri wao walikuwa Unguja na Bagamoyo. Wajerumani walikuwa na kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa 1890. Lamu walitangulia zaidi, kwani walifungua posta tarehe 22 Novemba 1888 kwa sababu ya mambo yao ya Witu, usultani mdogo wa pwani karibu na Lamu, na wakaifunga tarehe 31 Machi 1891 baada ya Witu kuwaponyoka katika mkataba wao na Waingereza wa 1890. Ya hapa Unguja ilifungwa tarehe 31 Julai 1891, haikumaliza mwaka. Nguvu zao walishazihamishia Bara, Dar es Salaam na Bagamoyo, ambako posta zilifunguliwa Oktoba 1890.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapa karani huumia kuliko mahali pengine popote. Umoja wa Posta Duniani ulikuwa umeweka kiwango cha barua ya nchi za nje kuwa sentimu 25 za Ufaransa kwa gramu 15. Lakini Unguja watu walitumia rupia za India, na rupia moja ni anna 16 au pesa 64, na mikononi mwao mlikuwa bado na riale za Maria Theresa. Posta ya India haikuwa na taabu, stempu zake na fedha ya sokoni zilikuwa kitu kimoja. Mfaransa alikuwa anauza stempu za faranga kwa mtu mwenye anna mfukoni. Mwishowe, mwaka 1894, walianza kugonga thamani ya anna juu ya stempu zao: sentimu 5 ikawa nusu anna, sentimu 25 ikawa anna mbili na nusu, faranga 5 ikawa anna 50. Wajerumani huko Bara walifanya vivyo hivyo mwaka 1893, na juu ya stempu yenye tai wa Kijerumani likagongwa neno PESA. Pfennig 20 ikawa pesa 10, na pesa 10 ni anna mbili na nusu, sawasawa na sentimu 25 za Mfaransa. Hesabu zote zinakutana pale pale.

Nilipozielewa stempu hizo kwa mara ya kwanza nilifurahi kwa namna ambayo mtu wa nje ya kazi hii huenda asiielewe. Nyuma ya kila stempu iliyogongwa bei mpya namwona karani aliyechoka kupiga hesabu mbele ya foleni. Katika miaka ya 1980, shilingi yetu iliposhuka, gharama za barua za nje zilipanda upesi kuliko stempu zilivyochapwa. Tulikuwa na karatasi nzima nzima za stempu za bei ndogo, na barua moja ya Ulaya ilijaa stempu mbele na nyuma mpaka hapana pa kuandika anwani. Mteja analamba, anahesabu, anakosea, anaanza upya. Mama mmoja aliniletea barua ya mwanawe aliyekuwa masomoni, akaniambia, "Mwanangu, nibandikie wewe, mie nitaiharibu." Nikambandikia moja moja, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Wafaransa wa hapa nao stempu ziliwaishia. Mwaka 1897 walifikia kuchapa thamani kwenye kingo tupu za karatasi za stempu, zile pambizo ambazo kwa kawaida huchanwa na kutupwa, wakaziuza kama stempu kamili. Wakusanyaji leo huzitafuta kwa bei kubwa. Mimi nikizitazama ninafikiria siku yenyewe: sanduku limebaki tupu, meli ya Marseille inangojwa, na mtu mmoja anapata wazo la kutumia karatasi iliyo mbele yake. Hong Kong ilipata tatizo la namna hiyo upande wa fedha. Dola yake na fedha za bandari za China hazikwenda sawa, na kuanzia Januari 1917 stempu za posta zake za China zikagongwa neno CHINA ili mtu asizinunue rahisi upande mmoja akazipeleke upande mwingine.

Tarehe 10 Novemba 1895 posta ya India ilikabidhiwa kwa utawala wa Kiingereza wa Afrika Mashariki. Stempu mpya hazikuwa tayari, basi zikachukuliwa zile zile za India zikagongwa neno Zanzibar juu yake, katika kiwanda cha gazeti la Serikali, Zanzibar Gazette, hapa hapa mjini. Kazi ilifanywa kwa herufi za risasi zilizopangwa kwa mkono. Mpangaji huzisoma kinyumenyume, na kwa macho yake b na d hukaribiana sana. Zikatoka stempu zilizoandikwa Zanzidar, nyingine Zanzibarr, nyingine Zanibar. Nimeona Zanzidar moja kwenye maonyesho, chini ya kioo cha kukuzia: kichwa cha Malkia chini, na ile d imesimama wazi katikati ya jina la mji wangu. Zikapita kwa mpangaji, zikapita kwa mkaguzi, zikafika kaunta zikauzwa. Nadhani makarani waliziona. Foleni ikiwa ndefu huulizi herufi.

Mwaka uliofuata zikatoka stempu zenye picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Uso ni wa Sultani, ila posta iliendeshwa na Waingereza. Hili huwa linanigusa. Barghash alikuwa na meli zake za moshi, waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika hapa 1879 akiwa kitini, makarani wasomi walikuwepo mjini. Kitu gani kilikosekana ili mwenye nchi awe na posta yake? Japani ilianzisha posta yake 1871, ikaingia Umoja wa Posta 1877, na ilipofika mwisho wa 1879 posta za Waingereza za Yokohama, Nagasaki na Kobe zilikuwa zimefungwa zote. China ilichelewa, ikaingia katika Umoja 1914, na posta za Waingereza zilizoendeshwa kutoka Hong Kong zikafungwa tarehe 30 Novemba 1922 baada ya Mkutano wa Washington uliokubali posta za kigeni za China zifungwe. Wote hao walipata posta zao wenyewe. Kwetu mgeni alimkabidhi mgeni mwenziwe. Mfaransa naye alifunga mlango wake tarehe 31 Julai 1904, mwaka ule ule Uingereza na Ufaransa walipopatana, na Sultani hakuachiwa hata sanduku la barua.

Nina ombi kwa jamaa zangu wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, na kwa waliohamia Muscat, Dubai na Uingereza. Masanduku ya mabibi zetu bado yana barua. Ukiikuta bahasha yenye stempu ya India na muhuri wa mviringo ulioandikwa Zanzibar, usiikate stempu. Wengi wamekata, wakabaki na stempu ambayo thamani yake ni ndogo, wakatupa bahasha. Geuza nyuma, utazame kama pana muhuri wa Aden au Bombay na tarehe yake. Soma mwandiko wa pembeni uliotiwa kwa kalamu ya risasi au wino mwingine: mara nyingi ni wa karani, jina la mtaa au la duka alilolijua yeye. Kama ni Kigujarati au herufi za Kiarabu, mtafute mzee wa kuisoma leo, na umwulize kama katika ukoo wake alikuwepo mtu aliyefanya kazi posta. Andika jina atakalokupa.